Kitabu "Safi" Kuliko Vyote: Kivumishi cha Kiingereza "nice", Kejeli ya Henry Tilney na Tatizo la Tafsiri

Ikisiri

Makala hii inachunguza kivumishi cha Kiingereza "nice" kwa kuanzia katika onyesho moja la riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, ambamo kijana msomi anamcheka msichana kwa kulitumia neno hilo kukisifia kitabu. Inadaiwa kwamba kejeli hiyo imezoeleka kuchukuliwa kuwa hukumu ya mwandishi mwenyewe kuhusu matumizi sahihi, ilhali onyesho lenyewe halimpi kijana huyo ushindi. Baada ya kufuatilia historia ya neno na kupima visawe vyake, makala inauliza ni kivumishi gani cha Kiswahili kinachoweza kuibeba kejeli hiyo katika tafsiri. Inapendekeza safi badala ya -zuri, na kuonyesha pia hasara ya pendekezo hilo.

1. Utangulizi

Walimu wa Kiingereza wana ugomvi wa muda mrefu na kivumishi "nice". Mwanafunzi anayesimulia likizo yake na kuandika kwamba safari, chakula na wenyeji wake vyote vilikuwa "nice" hurudishiwa daftari likiwa na mstari mwekundu chini ya neno hilo, na pengine orodha ya visawe pembeni: "pleasant", "delightful", "kind", "charming". Desturi hiyo ilianzia Uingereza, nayo imeifuata lugha yenyewe hadi katika madarasa ya Afrika Mashariki. Sababu inayotolewa ni moja: neno linalosema kila kitu halisemi kitu.

Anayetafuta ushahidi wa kifasihi wa hoja hiyo huupata kwa urahisi katika sura ya 14 ya Northanger Abbey. Riwaya hii iliandikwa kwa sehemu kubwa mwishoni mwa karne ya 18, ikauzwa kwa mchapishaji mwaka 1803 bila kuchapishwa, na hatimaye ikatoka Desemba 1817, miezi michache baada ya kifo cha Austen, ikiwa na tarehe ya 1818 kwenye ukurasa wa jina. Katika sura hiyo Catherine Morland, msichana wa kijijini mwenye umri wa miaka 17, anatembea karibu na mji wa Bath pamoja na Henry Tilney na dada yake, Eleanor. Anamuuliza Henry kama hakubaliani naye kwamba The Mysteries of Udolpho, riwaya ya Ann Radcliffe ya mwaka 1794, ndiyo kitabu kilicho "nice" kuliko vyote duniani. Henry anajifanya kuelewa kwamba msichana anazungumzia unadhifu, na anajibu kwamba hilo litategemea jalada. Kisha anaigeuza sifa hiyo kuwa mzaha: siku ni "nice", matembezi ni "nice", wasichana nao ni "nice". Anamalizia kwa somo fupi la etimolojia, kwamba hapo awali huenda neno hilo lilihusu unadhifu, adabu na uteuzi makini tu, lakini sasa limekuwa sifa ya jambo lolote.

Onyesho hili hupendwa na watu wanaolinda usahihi wa lugha. Tatizo ni kwamba wengi wao huishia hapo Henry anapoishia. Hawamsikilizi Eleanor, na hawalipimi somo la Henry kwa historia ya neno lenyewe.

2. Njia ndefu ya neno

Kiingereza kilipata "nice" kutoka Kifaransa cha kale, na Kifaransa kililipata kutoka Kilatini nescius, yaani mtu asiyejua. Lilipoingia katika Kiingereza karibu na mwaka 1300 lilikuwa tusi: mtu "nice" alikuwa mjinga au mpumbavu, na ndivyo Chaucer anavyolitumia. Ndugu yake wa Kihispania, necio, hakuhama: hadi leo anamaanisha mpumbavu. La Kiingereza ndilo lililosafiri. Kutoka upumbavu lilikwenda kwenye uasherati na anasa; likapita kwenye udekaji na uteuzi wa kupindukia, yaani tabia ya mtu asiyeridhika na chochote; na kufikia karne ya 16 lilikuwa limepata maana ya usahihi na umakini wa hali ya juu. Katika tamthilia za Shakespeare maana kadhaa huishi pamoja. Padri Laurence wa Romeo and Juliet, anapogundua kwamba barua yake haikufika, husema kwamba barua hiyo haikuwa "nice", akimaanisha kwamba halikuwa jambo dogo la kupuuzwa.

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, fasili zake za neno hili zilizunguka usahihi wa kupita kiasi, tahadhari na wepesi wa kudhurika. Maana ya "kupendeza" ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuota mizizi katika nusu ya pili ya karne hiyo, na maana ya "mwenye huruma, mwenye kujali wengine" ilikuja baadaye, karne ya 19 ikiwa imeshaanza. Maana ya usahihi haikufa: wanasheria na wanafalsafa wanaotumia Kiingereza bado husema "a nice distinction" kwa tofauti ndogo inayohitaji jicho kali kuiona.

Kwa hiyo Henry amekosea. Unadhifu na uteuzi makini havikuwa mwanzo wa neno hili. Vilikuwa vituo vya katikati ya safari iliyoanzia kwenye ujinga. Ni haki kukiri kwamba anatia neno la tahadhari, huenda, na kwamba etimolojia ya wakati wake haikuwa na nyenzo za leo. Hata hivyo, kosa lake ni la aina inayojulikana sana katika isimu: mtu huichukua hali ya lugha aliyofundishwa na kizazi kilichomtangulia, akaiita asili, kisha akayaita mabadiliko ya kizazi chake uharibifu. Wapo wanaofanya hivyo kuhusu Kiswahili pia, na kwa uhakika mkubwa kuliko wa Henry.

Hatua ya mwisho ya safari hiyo ndiyo inayolaumiwa zaidi: kupauka kwa maana. Neno likishatumika kusifia kila kitu, maudhui yake hupungua na kinachobaki ni msimamo wa msemaji. Lakini kupauka si kufa. "Nice" ya leo ina kazi ambazo visawe vyake haviwezi kuzifanya. Katika "nice and warm" haisifii chochote peke yake. Inakitia nguvu na kukifanya kitamanike kivumishi kinachofuata. Ikitamkwa kwa kiimbo fulani kuhusu mkosi uliosababishwa na uzembe, huwa kinyume cha sifa. Humpoza aliyejaribu akashindwa, na humkaribisha mgeni. Jaribio la kubadilisha ni jepesi kufanya: weka "delightful" au "charming" katika matumizi hayo, nayo yatavunjika yote. Orodha ya pembeni mwa daftari, kwa hiyo, si orodha ya visawe vya "nice". Ni orodha ya maneno yanayokutana nalo katika fahiwa moja tu, ile ya kupendeza, na hata hapo kila moja huongeza kitu ambacho "nice" haikukiahidi. Hiyo haifanyi ushauri wa mwalimu kuwa mbaya. Insha ya mtoto hunufaika anapolazimika kusema chakula kilipendeza kwa namna gani. Kilicho kibaya ni sababu anayopewa.

3. Nani anamsahihisha nani

Eleanor anaingilia mara mbili. Kwanza anamtahadharisha Catherine kwamba kaka yake ana mazoea ya kuwakosoa hivi, naye hukosolewa kila siku. Afadhali Catherine abadilishe neno lake, la sivyo njia nzima watamiminiwa Johnson na Blair. Majina hayo hayakuokotwa ovyo. Hugh Blair, Mskochi, alichapisha mihadhara yake ya balagha mwaka 1783, na ndani yake mna sehemu inayotetea usahihi wa uteuzi wa maneno kwa kupambanua maneno yanayodhaniwa kuwa sawa, akishikilia kwamba ni nadra sana maneno mawili ya lugha moja kubeba wazo lile lile. Kanuni hiyo ingali msingi wa semantiki ya leksimu. Austen anaijua, na kwa kumtaja mwenye nayo katika kinywa cha dada aliyechoshwa, anaonyesha pia inavyogeuka kuwa fimbo.

Mwaka 1794, mwaka ule ule wa Udolpho, Hester Lynch Piozzi alichapisha jijini London juzuu mbili za British Synonymy, kazi iliyokusudiwa kuongoza uteuzi wa maneno katika mazungumzo ya kawaida. Piozzi alikuwa amemjua Johnson kwa karibu. Kwa maneno mengine, wakati Henry anawafundisha wasichana wawili juu ya visawe, mamlaka mojawapo iliyo mpya zaidi kuhusu visawe vya Kiingereza ilikuwa ya mwanamke. Eleanor hamtaji, na haipo haja ya kudai kwamba Austen alimfikiria. Inatosha kuona kwamba picha ya mwanamume anayejua na mwanamke anayebwabwaja haikuwa picha ya hali halisi.

Mara ya pili Eleanor anatumia silaha ya Henry mwenyewe. Anamwambia kwamba neno hilo lingemfaa yeye peke yake, tena bila sifa yoyote ndani yake, kwa kuwa "nice" yake imeizidi busara yake. Hapa "nice" ni ile ya zamani, ya mtu mteuzi kupita kiasi. Msemaji ambaye angetarajiwa kuwa mwanafunzi wa somo anaonyesha kwamba anazimiliki maana zote mbili, ya zamani na ya sasa, na anaweza kuchagua. Henry anazimiliki pia, bila shaka, lakini anajifanya anamiliki moja ili apate kucheka. Baada ya hapo Eleanor anamwacha kaka yake na makosa anayoyatafuta, na kumrudisha Catherine kwenye Udolpho wakisifu kwa maneno yoyote wayapendayo.

Kati ya hayo mawili Catherine mwenyewe ameuliza swali ambalo Henry halijibu. Hakukusudia kusema kosa. Lakini kitabu ni "nice" kwelikweli, basi kwa nini asikiite hivyo? Henry anakubali kwa kejeli na kuendelea na mzaha wake. Hoja ya Catherine ni hoja ya matumizi: neno linaeleweka, msikilizaji ameelewa, na ushahidi wa kuelewa kwake ni kwamba ameweza kutania. Msomaji anayekumbuka sura ya 3, ambamo Henry huyo huyo anasema barua za wanawake zina kasoro za alama za uandishi na sarufi, ataona kwamba kejeli ya "nice" ni sehemu ya mwenendo. Mwenendo huo haukuishia riwayani. H. W. Fowler, katika kamusi yake mashuhuri ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, bado aliwatupia wanawake lawama ya kulidhoofisha neno hili kwa kulipenda mno.

Austen mwenyewe alikuwa upande gani? Barua yake ya kwanza kati ya zilizosalia, aliyomwandikia dada yake Cassandra Januari 1796 akiwa na miaka 20, inaitaja barua ndefu ya Cassandra kwa kivumishi hicho hicho, katika maana ile ile anayochekewa Catherine. Hakuona haja ya kulikimbia. Kwa hiyo kumnukuu Henry kana kwamba ni Austen ni kosa la usomaji kabla ya kuwa kosa la isimu.

4. Kulitafuta neno la Kiswahili

Jibu la haraka la mtu anayetafsiri "nice" kwa Kiswahili ni -zuri, na katika sentensi nyingi jibu hilo litapita. Ila halipiti kote. Siku ikielezwa huwa nzuri. Mtu akitakiwa heri huambiwa siku njema, kama anavyotakiwa safari njema na usiku mwema. Chakula ni kitamu. Mzee anayesemwa kuwa "nice" ni mpole, mcheshi, mkarimu au mtu wa watu, kutegemea alichofanya. Mgeni anayeonana nawe kwa mara ya kwanza huambiwa umefurahi kumfahamu, bila kivumishi chochote. Kamusi inayoweka -zuri peke yake mbele ya "nice" inampa mtumiaji fahiwa moja kati ya nyingi.

Zaidi ya hayo -zuri ina mvuto wake yenyewe, unaoielekeza kwenye kinachoonekana. Methali inayosema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti isingewezekana kwa wema. Ndiyo, mipaka inahama: methali ya bidhaa husikika kwa namna mbili, chema chajiuza na kizuri chajiuza, na leo mtu mzuri katika mazungumzo mengi ni mtu mwenye tabia nzuri. Lakini msichana mzuri bado, kwa masikio ya wengi, ni msichana wa sura nzuri kwanza.

Sasa weka -zuri katika matembezi ya Bath. Catherine anasema Udolpho ni kitabu kizuri kuliko vyote. Henry anajibu kwamba itategemea jalada. Mzaha unaeleweka kwa shida, kwa sababu kitabu kizuri ni usemi wa kawaida mno na hakuna msomi wa Kiswahili aliyewahi kumkosoa mtu kwa kuutumia. Na Henry anapofikia etimolojia yake, hana pa kusimama: -zuri haina kumbukumbu ya maana kali ya zamani inayoweza kuliliwa. Kejeli nzima inageuka ukali usio na sababu.

Murua ingeonekana kufaa zaidi. Ni neno la mkopo kutoka Kiarabu, lilikotaja utu na hulka ya kiungwana. Katika Kiswahili limehifadhi maana ya adabu njema na papo hapo limekuwa sifa ya kitu kinachopendeza. Historia hiyo inakaribia sana ile ambayo Henry anaidai, kutoka adabu kwenda kupendeza. Kasoro yake ni sajili. Murua ni neno la watu wanaojali maneno, angelitumia Henry. Kuliweka katika kinywa cha Catherine ni kumpa ufasaha ambao kichekesho kinataka asiwe nao.

Linabaki safi. Nalo limetoka Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kisicho na uchafu wala mchanganyiko, na maana hiyo ingali hai: maji safi, nguo safi, moyo safi. Kiswahili safi huhifadhi kitu kinachofanana na usahihi wa "nice" ya wanasheria. Lakini kwa vijana wa mjini, na siku hizi si wao tu, safi ni sifa ya lolote: kazi safi, mchezo safi, na jibu la salamu kwa neno moja. Kisarufi pia linafaa, maana halichukui viambishi vya upatanisho. Hukaa bila kubadilika mbele ya kitabu, siku na matembezi, kama "nice" inavyokaa. Catherine akisema kwamba hajapata kusoma kitabu safi kama Udolpho, Henry anaweza kumjibu papo hapo kuhusu jalada, na msomaji wa Kiswahili atacheka bila tanbihi. Akilalamika kwamba zamani neno hilo lilihusu mavazi na mwenendo tu, msomaji atakuwa amewahi kumsikia mzee wake akisema vivyo hivyo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba matumizi haya ni ya kisasa mno kwa hadithi ya karne ya 18. Lakini upya huo ndio unaohitajika. "Nice" ya Catherine nayo ilikuwa changa, haina hata kidahizo katika Johnson. Mfasiri anayechagua neno lenye heshima ya kale anamfanya Henry akose cha kukosoa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika orodha ya mzaha, siku safi na matembezi safi hayana tatizo. Wasichana safi linalo. Msomaji anaweza kusikia kwamba wameoga, au mbaya zaidi, kwamba usichana wao unahakikiwa. Henry ni mtundu, si mfidhuli wa kiwango hicho. Njia iliyo wazi ni kulizungusha neno kwenye kundi zima, kwamba yupo pamoja na wenzi safi, ambapo sifa inabaki nyepesi. -zuri hapa isingesaidia: ingeugeuza utani kuwa uchumba, na hilo Austen analiacha lichelewe.

Pigo la Eleanor, ambalo lingedhaniwa kuwa gumu kuliko yote, ndilo linalokuja kwa urahisi. Kiswahili kinamjua msafi, mtu anayefuta kiti kabla ya kukaa na kukagua glasi kabla ya kunywa, na usafi wake huweza kuwa kero ya nyumba nzima. Dada anayemwambia kaka yake kwamba usafi wake umeizidi busara yake anarudisha neno lile lile, katika maana ya zamani, na bila sifa ndani yake. Hakuna neno jingine lililojaribiwa hapa linaloweza kutoka kwa Catherine, likapita kwa Henry na kumalizikia kwa Eleanor bila kubadilishwa njiani.

Kinachopotea ni kosa la Henry. Katika Kiingereza anasema neno lilianzia kwenye unadhifu, na historia inamkatalia, kwa kuwa lilianzia kwa mjinga. Msomaji anayelijua hilo anaona mwalimu ameteleza katika somo lake mwenyewe, na neno la Eleanor kuhusu busara linachoma zaidi. Katika Kiswahili safi ilianzia kweli kwenye usafi. Henry wa tafsiri atakuwa sahihi kwa kila anachosema kuhusu asili, na mfasiri hana budi kuliacha jukumu lote la kumshinda mikononi mwa dada yake.